Umeacha ngano, tumbo bado linasumbua

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyekwisha kupimwa akaambiwa ana siliaki, akaacha chapati, mkate na maandazi, na baada ya miezi kadhaa bado hajapata nafuu ya kuridhisha. Tumbo linajaa gesi, choo hakijatulia, vidole vya miguu vina ganzi, akipanda ngazi mbili tatu moyo unakwenda mbio, nywele zinabaki kwenye kitana. Jamaa wa nyumbani wameanza kusema ni mawazo, wengine wanamtajia mganga.

Ndugu msomaji, kama huyo ni wewe, shika mambo mawili. Mara nyingi gluteni bado inaingia mwilini mwako kwa njia usiyoiona. Na hata ikikoma kuingia leo, akiba ya madini na vitamini uliyoipoteza kwa miaka hairudi kwa sababu tu umeacha ngano. La kwanza linatafutwa jikoni, sokoni na mashineni. La pili linapimwa maabara, kisha linatibiwa kwa kipimo. Wanaoteseka muda mrefu ni wale wanaoyachanganya: mmoja ananunua vidonge vya vitamini kila mwezi ilhali unga wake una ngano, mwingine anajibana chakula mpaka anakonda ilhali damu imekwisha na hakuna aliyeipima.

Ugonjwa wenyewe

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili ikikutana nayo huushambulia utumbo mwembamba. Ukuta wa ndani wa utumbo huo umejaa vijinyweleo laini vilivyosimama kama nyuzi za zulia, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikishambuliwa hufupika na kulala. Madhara makubwa hutokea mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na hapo ndipo mwili unapofyonza kwa wingi madini ya chuma, folati na kalsiamu. Ndiyo maana upungufu wa damu huweza kuwa dalili ya kwanza, na kwa wengine dalili pekee, bila kuharisha hata siku moja.

Aliyeufungamanisha ugonjwa huu na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa akilifuatilia jambo hilo tangu miaka ya 1930, na njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika nchini mwake, ikamwongezea uhakika. Tasnifu yake ilitoka 1950. Kwa makadirio ya dunia, takriban mtu 1 kati ya 100 ana siliaki. Wapo wanaoamini kwamba ni maradhi ya Wazungu, na imani hiyo inachelewesha watu kupimwa. Utafiti uliochapishwa 1999 kuhusu watoto wa Kisaharawi, huku huku Afrika, ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao.

Hakikisha jina la ugonjwa

Hapa Dar es Salaam ukiumwa tumbo kuna majina yanayotangulia: vidonda vya tumbo, amiba, taifodi, gesi. Mara nyingine huwa kweli. Tatizo ni mtu kuzungushwa miaka kwa omeprazole na Flagyl bila kipimo cha maana. Tena omeprazole ikitumiwa kwa muda mrefu hupunguza asidi ya tumbo, na asidi hiyo inahitajika ili mwili upate vitamini B12 na chuma. Kwa mwenye siliaki huko ni kuongeza upungufu juu ya upungufu. Kama unaimeza kila siku kwa mazoea, mwulize daktari kama bado unaihitaji.

Kipimo cha kuanzia cha siliaki ni cha damu: kingamwili iitwayo tTG-IgA, pamoja na jumla ya IgA, kwa kuwa mtu mwenye IgA pungufu anaweza kutoa majibu safi ilhali ni mgonjwa. Kinachofuata kwa mtu mzima ni kipimo cha kamera, mpira mwembamba unaopitishwa kinywani, na vipande vidogo vya utumbo huchukuliwa. Huduma ya kamera ipo Muhimbili. Mkazi wa Bunju au Chamazi kwa kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, huenda Mwananyamala au Temeke, hospitali za rufaa za mkoa, kisha hupewa rufaa. Ukienda maabara binafsi, uliza kabla hujatoa damu kama kipimo kinafanyika hapo hapo au sampuli inasafirishwa, maana hilo huamua bei na siku za kusubiri.

Vipimo hivi husema kweli kwa mtu anayekula ngano. Ukiacha miezi kadhaa ndipo upime, majibu yanaweza kuwa safi na ugonjwa upo. Kama ndivyo ulivyofanya, usianze tena kula ngano kwa uamuzi wako. Mweleze daktari, yeye ndiye wa kukupangia kiasi na muda.

Na kama uliambiwa una siliaki kwa kuangalia kipande cha utumbo peke yake, bila kipimo cha damu, rudi ukaulize. Vijinyweleo hufupika pia kwa kijidudu cha giardia, kwa kifua kikuu cha tumbo, kwa VVU, na hata kwa maambukizi ya mara kwa mara ya mtu anayeishi palipo na maji machafu. Mtu anaweza kuishi bila chapati miaka mitano kwa ugonjwa ambao dawa ya wiki moja ingeuondoa.

Gluteni inapojificha

Kiasi kinachodhuru ni kidogo kuliko watu wengi wanavyofikiri. Utafiti umeonesha kwamba miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi mitatu zinatosha kuumiza utumbo. Slesi moja ya mkate ina gramu 2 hivi. Fanya hesabu: sehemu 1 ya 40 ya slesi, yaani makombo yanayobaki kwenye kisu cha kupakia siagi, inatosha. Anayekuambia "kidogo haidhuru" anakutakia mema, lakini amekosea.

Katika mitaa yetu, mahali pa kwanza pa kutazama ni mashine ya kusaga. Unapeleka mahindi yako yamekobolewa vizuri, unarudi na sembe nyeupe, unakula ugali ukiamini uko salama. Lakini kabla yako alikuja mama na mchanganyiko wa unga wa lishe: mahindi, soya, karanga, ulezi, mtama na ngano kilo nzima. Unga wake umebaki kwenye kinu cha mashine, kwenye bomba na kwenye mfuko unaopokea. Kilo za kwanza zinazotoka ni mahindi yako na ngano yake. Unga wa lishe wenyewe, ambao kila mtu atakushauri uunywe kwa sababu umepungukiwa damu, mara nyingi una ngano ndani, na muuzaji hakuambii kwa sababu kwake ngano ni sifa ya unga. Usinywe uji wa lishe ambao hukuuchanganya mwenyewe.

Ukiweza, tafuta mashine isiyosaga kitu kingine ila mahindi. Zipo, hasa zile za wasagaji wanaouza sembe kwa jumla. Ukikosa, zungumza na msagaji akusagie asubuhi, mashine ikishafagiliwa na kabla hajaja mteja mwingine, na kilo mbili za mwanzo mpe mtu asiye na tatizo hili. Hilo linapunguza hatari, haliiondoi. Kwa unga wa mchele na wa ulezi, ambao hautumiki kwa wingi, njia bora ni kusaga kwa blenda yako au kutwanga kwa kinu chako, na kuchekecha kwa chekecheke isiyowahi kupitishiwa ngano.

Kabla ya mashine kuna soko. Pale Tandale, Tandika au Mbagala Rangi Tatu, magunia yamepangwa wazi bega kwa bega, na kopo linalochota ngano ndilo linalochota ulezi na choroko. Nunua kwenye gunia linalofunguliwa mbele yako, au shirikianeni watu watatu mchukue gunia zima. Ukifika nyumbani mwaga nafaka kwenye ungo, peta, chambua, toa kila punje ya ngano, osha, anika.

Jikoni mambo ni magumu zaidi kwa anayeishi nyumba ya kupanga, ambako majiko yako koridoni na vyombo vinaazimwa. Kuwa na mwiko wako, chujio lako, kikaango chako na sufuria isiyosongewa wala kukandiwa ngano. Kibao cha chapati na kisukumio usivitumie hata vikioshwa, kwa kuwa mti hushika unga kwenye nyufa. Mafuta yaliyokaanga maandazi au sambusa yana gluteni, kwa hiyo mihogo na chipsi zilizopita karai hilo si zako. Jirani akikanda unga, vumbi lake hutua kwenye chungu kisichofunikwa. Funika.

Kwa mama ntilie usiulize kama chakula "kina gluteni". Uliza vitu anavyovijua: "Shikamoo mama. Mchuzi huu umeuwekea unga wa ngano ili uwe mzito? Umetia kiungo cha pakiti? Samaki umempaka unga kabla ya kumkaanga?" Viungo vya mchuzi vya pakiti na soseji mara nyingi huwa na ngano, sosi ya soya vilevile. Vitumbua ni vya mchele, ila wapo wanaoongezea ngano. Bagia ni za kunde au dengu, na hizo pia huongezewa. Kwenye pakiti, maelezo mengi yameandikwa Kiingereza: tafuta maneno wheat, barley, rye, malt na semolina. Bia za kawaida za kiwandani hutengenezwa kwa shayiri, na vinywaji vya kimea visivyo na kilevi ni hivyo hivyo.

Ramadhani ina mitego yake. Tambi ni ngano. Kaimati ni ngano. Bokoboko, ambayo watu wa pwani huipika kwa heshima siku ya Idi na kwenye shughuli, ni ngano na nyama tu, na mgeni asiyejua hudhani ni wali uliopondwa. Futari yako iwe magimbi, mihogo, viazi vitamu au ndizi kwa nazi, pamoja na maharage au samaki, na upakuliwe kwenye chungu chako kabla ya upawa wa tambi kuzamishwa humo.

Mkatoliki aongee na paroko. Hostia ni ya ngano, na barua ya Vatican ya 2017 ilirudia kwamba isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila yenye gluteni kidogo sana inakubalika. Barua ya 2003 ilieleza kwamba mlei mwenye siliaki asiyeweza kupokea hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Omba kalisi ambayo haijatumbukizwa kipande cha hostia.

Kwa mlo mzima, habari ni njema kwetu kuliko kwa mgonjwa wa Ulaya. Ugali, wali, ndizi, muhogo, viazi, kunde, samaki na mboga za majani havina gluteni kwa asili yake. Huhitaji mikate ya bei kali ya supamaketi iliyoandikwa kwamba haina gluteni. Vita viko kwenye chai ya asubuhi tu, na hapo weka viazi vitamu vya kuchemsha, mkate wa kumimina, vitumbua ulivyopika mwenyewe, au uji wa ulezi uliousaga mwenyewe. Hamira ya kuumulia haina shida.

Akiba ya mwili

Kuna jambo ambalo mgonjwa wa hapa huambiwa kwa nadra, na kwangu ndilo muhimu kupita yote katika mwongozo huu. Kanuni za nchi za 2011 zinataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, na mafuta ya kula yaongezwe vitamini A. Kwa hiyo ulipoacha ngano uliacha pia chanzo kimoja cha virutubishi hivyo. Ukahamia sembe ya mashine ya mtaani, ambayo imekobolewa ikapoteza ganda na kiini, na kwa kawaida haiongezwi kitu. Umekimbia sumu yako, na umepoteza virutubishi kwa mkupuo huo huo, katika wakati ambao mwili unavihitaji kuliko wakati wowote.

Ushauri wangu: kama kipato kinaruhusu, chagua sembe ya mfuko iliyoandikwa kwamba imeongezwa virutubishi, kutoka kwa msagaji anayesaga mahindi peke yake. Shirika la Sanku limekuwa likiwafungia wasagaji wadogo na wa kati nchini kifaa cha kuchanganyia virutubishi kwenye unga wa mahindi, hivyo unga wa aina hii si wa viwanda vikubwa pekee. Anayesaga mwenyewe apendelee dona.

Kisha pima. Vipimo vya kuomba ni picha kamili ya damu, ambayo maabara huiandika FBP, pamoja na ferritini inayoonesha akiba ya chuma, folati, B12, vitamini D, kalsiamu, vimeng'enya vya ini, na homoni ya tezi ya shingo, kwa sababu maradhi ya tezi hufuatana na siliaki mara nyingi kuliko kwa watu wengine. Fedha zisipotosha vyote kwa wakati mmoja, anza na FBP, ferritini na B12. Ferritini isipimwe ukiwa na malaria au homa yoyote: maambukizi huipandisha, ukaonekana una akiba wakati ghala ni tupu. B12 nayo isipimwe baada ya kuchomwa sindano za vitamini kwenye duka la dawa, maana kipimo kitasoma sindano.

Chuma ndicho kinachopungua kwa wengi. Dalili ni uchovu, weupe wa viganja na kope, moyo kwenda mbio, hamu ya kula udongo au barafu. Lakini ukanda wetu una sababu nyingi za upungufu wa damu: minyoo ya safura, malaria, kichocho, hedhi nzito, selimundu. Usimeze vidonge vya damu kwa kubahatisha, na mwenye selimundu asivimeze kamwe bila daktari, kwa kuwa mwili wake unaweza kuwa na chuma kupita kiasi. Ukiandikiwa, meza tumbo likiwa halina chakula kama unaweza kuvumilia, kwa maji ya machungwa au ndimu, na mbali na chai na maziwa kwa saa mbili. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Vikikusumbua tumbo, daktari anaweza kukupangia siku moja baada ya nyingine. Na kama umemeza miezi mitatu na damu haijapanda, tatizo huenda ni utumbo usiofyonza bado, au damu inapotea mahali. Hapo chuma hutolewa kwa dripu hospitalini, na sababu itafutwe.

Chai inastahili neno la peke yake. Tumezoea kuinywa na chakula. Chai ya rangi na ya maziwa zote huzuia chuma cha mboga na maharage kufyonzwa. Kunywa chai yako saa moja kabla ya kula au mbili baadaye, na kwenye mboga kamulia ndimu. Badiliko hilo halina gharama.

Folati na B12 hutazamwa pamoja. Zikipungua, chembe nyekundu za damu huwa kubwa na chache, ulimi unauma na kung'aa. B12 ikipungua peke yake huongeza ganzi na vichomi miguuni, kusahau, na kuyumba gizani. Kuna hatari moja ya kukumbuka: ukimeza asidi ya foliki peke yake huku B12 ndiyo iliyopungua, damu itaonekana nzuri na mishipa ya fahamu itaendelea kuharibika kimyakimya, pengine bila kurudi. Ganzi yoyote ni sababu ya kupima B12 kabla ya foliki. Ila mwanamke anayetarajia mimba asikae bila foliki: upungufu wake mwanzoni mwa ujauzito huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Mwenye siliaki amwone daktari kabla ya kushika mimba, maana kiwango cha kawaida cha kliniki huenda kisimtoshe.

Vitamini D na kalsiamu hulinda mifupa. Jua la Dar es Salaam ni kali, lakini anayeshinda ofisini Posta na kurudi Mbweni usiku halioni, na anayejifunika mwili mzima hufaidika nalo kidogo. Maumivu ya nyonga na mapaja, kushindwa kuinuka kutoka mkekani bila kushika kitu, kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo: pima. Dagaa wanaoliwa wazima na miiba yao ni chanzo bora cha kalsiamu cha mtu wa kawaida hapa, tena wana B12 na chuma.

Yaliyobaki kwa haraka. Kutoona vizuri jioni huashiria upungufu wa vitamini A. Mafuta ya mawese, viazi lishe, mchicha na maini husaidia, ingawa mjamzito asile maini kwa wingi. Fizi kutoka damu na michubuko isiyo na sababu huweza kuwa vitamini K. Chakula kukosa ladha, vidonda kuchelewa kupona na nywele kunyonyoka ni zinki. Usiimeze miezi na miezi kwa dozi kubwa, inazuia shaba kufyonzwa. Vitamini A na D zinarundikana mwilini, dozi kubwa bila kipimo ni sumu.

Umesafisha jiko, damu inapanda, tumbo bado

Jipe muda kwanza. Dalili nyingi hupungua ndani ya wiki kadhaa, lakini utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi kupona. Watoto hupona mapema. Rudia tTG-IgA baada ya miezi 6, tena baada ya 12, kisha kila mwaka. Ikiwa bado iko juu, gluteni inaingia, hata uapeje. Rudi mashineni. Ikishuka ikawa ya kawaida, usione kuwa ni hakikisho kamili, kwani gluteni kidogo sana inaweza kupita bila kipimo kuiona.

Maziwa ndiyo mshukiwa wa pili. Sukari ya maziwa humeng'enywa na kimeng'enya kilichoko kwenye ncha za vile vijinyweleo, na ncha ndizo huharibika kwanza na kupona mwisho. Acha maziwa mabichi na chai ya maziwa wiki mbili, uandike kwenye daftari choo na gesi vilivyokwenda. Ukipata nafuu, endelea na mtindi, ambao wengi huuvumilia, ili usikose kalsiamu.

Wa tatu ni giardia. Mitaa mingi ya Temeke na pembezoni mwa Kinondoni hutumia maji ya visima, na kijidudu hiki hustahimili klorini ya majumbani kuliko bakteria. Chemsha maji mpaka yatokote. Omba choo kipimwe zaidi ya mara moja, kwa kuwa hakionekani kila siku. Kuharisha kwa muda mrefu, kwa mtu yeyote, kunadai pia kipimo cha VVU.

Baada ya hapo ni kazi ya daktari bingwa wa mfumo wa chakula. Bakteria wanaweza kuongezeka mno ndani ya utumbo mwembamba. Kongosho huweza kushindwa kutoa vimeng'enya vya kutosha, na choo kikawa cha mafuta, kinaelea, kina harufu kali. Kuna uvimbe wa utumbo mpana usioonekana kwa kamera mpaka kipande kipimwe. Na kuna utumbo wenye hisia kali tu, ambao unatibika kwa mpangilio wa chakula na dawa. Wachache, tena wachache sana, wana siliaki sugu isiyokubali chakula kisicho na gluteni, na hao wanahitaji uangalizi wa karibu kwa sababu inaweza kuzaa saratani ya limfu ya utumbo. Dalili zifuatazo zisisubiri miadi: kukonda kunakoendelea, damu kwenye choo, homa na jasho la usiku, kutapika kila unapokula, maumivu yanayokuamsha, au miguu kuvimba.

Unapokwenda kliniki beba daftari: ulichokula kwa wiki mbili, unga ulisagwa wapi, dawa zote unazotumia pamoja na za mitishamba, majibu ya zamani yote. Daktari mwenye foleni ya wagonjwa hamsini atakusaidia zaidi ukimwekea mezani karatasi kuliko ukimweleza kwa maneno. Kwa mfamasia, uliza kama kidonge kimefungwa kwa wanga wa ngano. Ni nadra, ila kuuliza hakugharimu kitu.

Mwisho, fikiria damu yako. Kati ya wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa mwenye siliaki, takriban 1 katika 10 anayo pia, na wengi wao hawahisi kitu tumboni. Yule kaka anayepungukiwa damu kila mwaka, yule mwanao asiyeongezeka urefu kwenye kadi ya kliniki, yule dada ambaye mimba zinaharibika: waambie wakapimwe damu, na waambie wasiache ngano mpaka watakapokuwa wamepimwa.